Siku Kasulu Ilipojadili Kura ya Kujitenga

Wenzangu mnaoendelea kushika chaki,

Siku mliyoniaga pale bwaloni mlinipa blanketi zito na hotuba tamu. Katikati ya pilau, Mwalimu Rehema, aliyerithi vipindi vyangu vya Uraia, alinisogelea akaninong'oneza: "Madam Dafroza, tuandikie ulikuwa unaendeshaje midahalo. Sisi tukifika kwenye mada ya Muungano tunasoma tarehe, tunaandika faida na changamoto ubaoni, kengele inalia, tunamshukuru Mungu." Nilicheka, maana nilimwelewa. Sasa nimerudi kwetu Heru Juu, maharage yameshaota, muda ninao. Habari za vyeo na madaraja sitaziandika. Zimo kwenye faili, na sijawahi kuona mtu akicheka wala kulia kwa kusoma faili.

Nilianzia Kibondo. Nilifika juu ya lori la saruji, mvua inanyesha, viatu nimevishika mkononi. Mwanafunzi wa zamu pale getini aliitazama miguu yangu yenye tope jekundu, akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye", kama anavyomsalimia mama yeyote anayepita na jembe asubuhi. Nilipomwambia mimi ndiye mwalimu mpya, alisimama wima kama askari, akaanza upya kwa Kiingereza. Salamu ya kwanza ilikuwa na uso, ya pili haikuwa nao. Kazi yangu yote niliyoifanya baadaye ilikuwa kujaribu kuurudisha ule uso darasani.

Aliyenilea kazini alikuwa Mwalimu Komba, Mngoni wa Songea, mwalimu wa Historia, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa ameishi Kibondo miaka mingi hadi akadai kwamba ugali wa muhogo wa huku umemfanya mgeni mezani kwa mama yake. Ndiye aliyekuwa mlezi wa klabu ya midahalo. Chombo chake kikuu kilikuwa kengele ya baiskeli aliyoipigilia kwenye kipande cha ubao. Ikilia mara moja, dakika zako zinaisha. Ikilia mara mbili, kaa chini, hata kama ulikuwa unakaribia kuliokoa taifa.

Mdahalo wangu wa kwanza ulikuwa juu ya ng'ombe na shamba, kipi kina faida zaidi. Msemaji wa kwanza aliikariri hotuba yake kwa Kiingereza kama anayesali, macho yamefungwa. Mpinzani wake akakariri ya kwake. Hawakukutana popote. Ilikuwa kama redio mbili zimewashwa chumba kimoja. Nilipomwambia Komba kwamba wamejitahidi, alinitazama kwa huruma.

"Wamejitahidi kukumbuka," alisema. "Hawajajadiliana bado."

Jumamosi iliyofuata akanionyesha anavyofanya. Aliwaacha wajiandae kwa Kiha, wakabishana kwa Kiha mpaka majasho yakawatoka, ndipo wakahamia Kiswahili, na mwisho kabisa Kiingereza cha mtihani. Na hakuna aliyeruhusiwa kumjibu mwenzake kabla ya kuitamka hoja ya yule mwenzake vizuri, mpaka mwenyewe atikise kichwa kwamba ndiyo, hicho ndicho nilichosema. Asipotikisa, unarudia. Kuna watoto walirudia mpaka kengele ikalia hawajajibu kitu. Komba hakuwaonea huruma. Alisema hao ndio waliojifunza zaidi siku hiyo. Alipostaafu akarudi Songea, aliniachia kengele na klabu, bila hotuba yoyote.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kasulu mjini, na huko ndiko lilikonikuta jambo ambalo Rehema analiogopa.

Ulikuwa mwaka ule watu wa Uskoti walipoulizwa kwa kura kama wanataka kubaki ndani ya Uingereza au kuwa nchi yao. Wakati huohuo, kule Dodoma walikuwa wakijadili rasimu ya katiba, na hapa kwetu hata kwa kinyozi ulikuwa hukati nywele kabla ya kusema unataka serikali mbili au tatu. Nilikuwa darasani na kidato cha tatu, nikifundisha aina za miungano ya nchi, nikataja Uskoti kama mfano, kwa sababu redio zilikuwa zimenisaidia kazi.

Kijana mmoja wa mbele, Nestori, akanyoosha mkono. Alikuwa Muha wa Manyovu, mwana wa mkulima wa kahawa, hodari wa kuuliza maswali yanayoanza na "kwa hiyo".

"Kwa hiyo, Madam, hawa tayari ni nchi moja, halafu wanaulizwa kama wanataka kuwa nchi moja?"

"Ndiyo."

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, kulikuwa na Zuhura. Baba yake, Mzee Hamadi, alikuwa Mpemba mwenye duka la vitenge na kanga karibu na soko. Zuhura alizaliwa Wete, akaletwa Kasulu akiwa mdogo, na alizungumza Kiha cha kuchotea maji kisimani bila shida. Alisema kwa sauti ya chini, lakini darasa lilikuwa kimya: "Na sisi, mbona hatuulizwi?"

Vichwa vyote viligeuka. Nestori akauliza, si kwa ubaya, "Sisi nani?"

Zuhura akainamia daftari lake. Swali halikuwa langu kulijibu. Nilisema tu kwamba maswali mawili kama hayo, kipindi kimoja hakiyatoshi, na kwamba mdahalo wa mwisho wa muhula umepata hoja yake.

Mkuu wetu wa shule, Bwana Mushi, alikuwa mtu mwema mwenye presha. Nilipomsomea hoja, alivua miwani.

"Mwalimu, kuna hoja nzuri nyingi. Mwalimu na daktari nani bora. Maisha ya mjini na ya kijijini."

"Hizo tumezijadili mpaka daktari mwenyewe ameshakubali yaishe."

"Utaniletea watu ofisini."

"Nitawaleta mwenyewe, tena mchana, tena kwa barua ya mwaliko. Alikeni wazazi, alikeni mtu wa ofisi ya elimu, akae mbele. Kitu kinachosemwa mbele ya kila mtu hakina haja ya kunong'onwa."

Tulibishana muda mrefu. Hatimaye alikubali kwa masharti: hoja isitaje nchi yoyote, na mdahalo uwe kwa Kiswahili ili mgeni yeyote asije akasema alisikia kisichosemwa. Sharti la pili nilitaka kuliomba mwenyewe. Hoja ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo: *Wananchi wa nchi iliyo ndani ya muungano wana haki ya kuulizwa kwa kura kama wanataka kubaki au kujitegemea.* Nami niliongeza sharti langu kwa wasemaji: ni marufuku mfano wa ndoa. Mnajua ninachosema. Mtu akiishiwa hoja kuhusu Muungano, hukimbilia mume na mke, talaka na mahari, na kuanzia hapo watu hucheka tu na hakuna anayefikiri.

Pande zilipangwa kwa kura ya vikaratasi kwenye kopo, kama kawaida yetu, msije mkafikiri nilichagua. Nestori alipata kupinga hoja. Zuhura akapata kuitetea.

Kabla ya jioni Mzee Hamadi alikuwa ametuma salamu kwamba ananihitaji dukani. Nilikwenda. Alinikaribisha kitini, akaagiza chai ya tangawizi, akakunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Mwalimu, mie nakuheshimu. Mwanangu nyumbani habari ni wewe tu. Lakini hili mpe mtoto wa mwengine."

"Karatasi ilimwangukia yeye, Mzee Hamadi."

"Karatasi haijui kama yeye Mpemba. Watu wanajua. Mtoto wa Kiha akisema wapewe kura, watasema kasoma. Mwanangu akisema, watasema ndivyo walivyo hawa." Alikiacha kitenge. "Kule kwetu mie nimeona watu, baba mmoja mama mmoja, hawazikani kwa sababu ya kura. Ndugu kafariki, ndugu kapita njia nyengine. Nimekuja huku juu mlimani kwenye baridi kuuza nguo, nisiulizwe mie wa upande gani. Wewe unamsimamisha mwanangu mbele ya watu, umuulize."

Nilimwambia kwamba naweza kubadilisha: Zuhura apinge, Nestori atetee. Halitakuwa jambo baya, na hakuna atakayepoteza kitu.

Zuhura alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa duka. Akaingia bila kuitwa.

"Samahani, baba. Nikibadilishwa, watasema Mpemba kaogopa. Nisipobadilishwa, watasema Mpemba kasema. Yote watasema. Bora waseme na mimi nimeshasema."

Mzee Hamadi akanigeukia. "Unaona ulichokifanya?" Lakini alisema vile kama mtu anayelalamikia mvua huku shamba lake likipata maji. Akatoa sharti lake: atakuja, atakaa mahali Zuhura anapomwona. Yeye akisimama, Zuhura akae chini papo hapo, hata kama neno liko mdomoni. Zuhura akakubali. Nikakubali na mimi, ingawa kanuni za midahalo hazina kifungu cha baba.

Siku ilipofika, bwalo lilijaa. Walikuja wazazi kutoka mjini na vijijini, baadhi na baiskeli zao ambazo walikataa kuziacha nje. Afisa kutoka ofisi ya elimu alikaa mbele, kalamu mkononi, uso haujasema kitu. Mzee Hamadi alikaa safu ya pili, kofia imenyooka. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Mnaosoma hili mjue: hoja ikiwa na moto, uenyekiti usimwachie mwanafunzi. Akiungua yeye, ni wewe umemchoma.

Zuhura alianza kwa sauti thabiti. Hakutaja visiwa. Alisema kuuliza si kuvunja. Alisema aliye na hakika na jibu hana sababu ya kuliogopa swali, na kwamba makubaliano yaliyofanywa na wazee waliokwisha kufa ni mazuri zaidi wajukuu wakipewa nafasi ya kuyakubali kwa vinywa vyao. "Mtu aliyebaki kwa sababu ameulizwa akasema nabaki," alisema, "huyo hamhitaji kumlindia mlango."

Kwa kanuni ya Komba, Nestori alilazimika kwanza kuitamka hoja ile. Aliitamka. Zuhura akakataa kutikisa kichwa. Akaitamka tena, bwalo likacheka. Mara ya tatu akatikisa. Ndipo Nestori akasema yake, na sijaisahau.

"Mwenyekiti, kwetu Manyovu, shangazi yangu aliolewa ng'ambo ya bonde. Jioni tunaona moshi wa jiko lake. Lakini katikati ya jiko lake na letu kuna mpaka wa Burundi. Babu alipofariki, shangazi alihitaji kibali kuja kumlilia baba yake. Akafika tumeshazika. Hakuna mtu aliyeulizwa kuhusu huo mpaka, ni kweli, na hilo linamsaidia mwenzangu. Lakini mimi nauliza: ukishachora mpaka kwa kura, ni nani atakayempa shangazi kibali? Swali la kura ni fupi, ndiyo au hapana. Watu wanaoishi na jibu lake si wafupi hivyo. Aliyeshindwa kwa kura bado ni jirani kesho asubuhi."

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa mpaka ni nini. Wengi wao walishasimamishwa njiani wakaulizwa babu yao alizaliwa wapi.

Zuhura alisimama kujibu. Aliitamka hoja ya shangazi vizuri mara ya kwanza tu, Nestori akatikisa kichwa. Alikuwa ameanza kusema kwamba uchungu wa shangazi unatokana hasa na kutoulizwa, ndipo sauti nzito ikatoka nyuma, karibu na mlango.

"Kama hamtaki Muungano, rudini kwenu!"

Alikuwa fundi baiskeli mmoja, Melkiori, mzazi wa mtoto wa kidato cha kwanza, mtu ambaye nilimfahamu kama mcheshi. Baadhi walicheka, wengine wakasema "aah". Mimi nilikuwa nimeshainua kengele.

Mzee Hamadi akasimama.

Zuhura akamwona. Neno likakatikia mdomoni, akashika ukingo wa meza, akaanza kukaa. Kalamu ya afisa ilisimama. Bwana Mushi alishika kifua.

"Usikae, mwanangu," Mzee Hamadi alisema, bila kupaza sauti. "Sikusimama kwa ajili yako. Nimesimama nimwone anayetaka nirudi."

Akageuka nyuma. Melkiori akaangalia kofia yake mwenyewe aliyokuwa ameishika. Alikuwa mteja wa lile duka, kama kila mtu.

Nilikuwa nataka kutoa uamuzi, lakini Nestori alikuwa amenyoosha mkono juu, kwa ule mtindo waliouiga kutoka bungeni. "Taarifa, Mwenyekiti!"

"Taarifa," nikasema.

"Mwenyekiti, mimi ndiye ninayepinga hoja. Ninasema watu wabaki wamoja. Sasa mzee wangu pale nyuma anasema rudini kwenu. Mwenyekiti, kama sote tu wamoja, kwao ni hapa. Namwomba mzee asiniharibie hoja yangu."

Bwalo lilipasuka. Watu walipiga meza, akina mama wakapiga vigelegele, na nilimwona afisa akiinamisha kichwa, mabega yanacheka. Nilisubiri, kisha nikamuuliza Zuhura kama utaratibu unavyotaka: "Msemaji, unaipokea taarifa hiyo?"

"Naipokea, Mwenyekiti," alisema, akifuta macho kwa kiganja. "Lakini asifikiri nimemwachia pointi."

Nikamwita Melkiori mbele. Kanuni yetu ilikuwa kwamba anayepiga kelele hupewa nafasi ya kusema kwa mpangilio. Nimeona kanuni hii ikinyamazisha watu zaidi ya fimbo. Alikuja, akasimama kidogo akitafuta pa kuweka mikono.

"Mimi mwenyewe," alisema, "nilishashushwa kwenye gari, nikaambiwa mimi Mrundi, nirudi kwetu. Kwetu ni Nyansha hapo! Sasa sijui kwa nini neno lenyewe ndilo limenitoka." Akamgeukia Mzee Hamadi. "Mzee wangu, nisamehe."

"Yamekwisha," Mzee Hamadi alisema, akaketi.

Zuhura akamaliza hotuba yake. Nilipotangaza kwamba majaji watatoa alama za usemaji, mama mmoja aliyembeba mtoto akasimama. "Mwalimu, mmejadili mchana kutwa habari ya watu kupiga kura. Na sisi tupige basi!"

Nilimtazama Bwana Mushi, Bwana Mushi akamtazama afisa, afisa akatazama kalamu yake. Hakuna aliyesema hapana. Lakini mikono ya kunyoosha sikuitaka. Nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi na mtu anayejua mkono ulionyooshwa unaweza kufika wapi. Nikamwomba mtunza stoo atoe debe la mahindi na debe la maharage. Kila mtu akachukua punje moja ya kila aina, akapita nyuma ya pazia la jukwaa, akadondosha moja, ndiyo kura yake, kwenye ndoo yenye kifuniko, na nyingine akaitupa kwenye gunia. Maharage kwa anayeunga mkono hoja, mahindi kwa anayepinga. Hata afisa alipita nyuma ya pazia. Sikumuuliza, nanyi msimuulize.

Zuhura na Nestori walihesabu pamoja kwenye mkeka, mbele ya macho ya wote. Mahindi yakazidi. Si kwa mbali, lakini yakazidi. Zuhura alitangaza matokeo yeye mwenyewe, kwa sababu ndiyo kanuni: anayeshindwa ndiye anayetangaza. Kisha alikasirika, na kwa wiki nzima hakumwazima Nestori hata rula. Sikuingilia. Nilikuwa nimefurahi kumwona mtoto amekasirika kwa sababu ya hoja tu.

Mtunza stoo alidai punje zake. Kesho yake wapishi wakazimimina zote, pamoja na zilizobaki kwenye madebe, kwenye sufuria moja, na shule nzima ikala makande. Ndiyo kura pekee ninayoijua ambayo kila mpiga kura aliimaliza kwa kijiko.

Afisa aliniaga karibu na gari. "Mwalimu, umenitoa jasho. Nimekaa pale nikitafuta pa kuandika kosa, sikupaona." Mzee Hamadi yeye hakuniaga. Alikuwa amemshika Nestori bega, wakitembea kuelekea getini, nikamsikia akisema, "Kijana, pita dukani kesho, unieleze tena ile habari ya shangazi. Kuna mahali sijakubaliana nawe."

Baada ya hapo watu walinifahamu kama mama wa midahalo, nikaalikwa huku na huku. Niliitwa hata kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, kuwafundisha vijana wa Kirundi kujadili. Waratibu walitaka hoja iwe juu ya kurudi nyumbani au kubaki. Niliwauliza vijana wenyewe kwanza. Binti mmoja akaniambia, kwa Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, "Madamu, hiyo kwetu si mdahalo. Usiku mama analia kwa sababu ya hiyo." Tukajadili mambo mengine, mpira na simu, na walijadili vizuri sana. Hili nawaambieni kwa uzito uleule: hoja ngumu si ile inayowatisha wakubwa. Watisheni wakubwa, hawafi. Lakini usimpe mtoto karatasi kwenye kopo achague upande wa jeraha lake kama hajakuambia yuko tayari. Zuhura aliniambia. Ndiyo maana nilimwacha asimame.

Miaka yangu ya mwisho niliimalizia shule ya kata Kagerankanda, ambako tulijadili tumekaa juu ya magogo mpaka madawati yalipofika. Watoto wa huko wana aibu kwa siku chache, kisha huwezi kuwanyamazisha. Kengele ya Komba ilikufa mikononi mwangu huko, chuma kimechoka. Tukanunua nyingine.

Na sasa lililotokea juzi, mimi nikiwa mstaafu kamili, nachambua mchele uani. Simu ikalia. Zuhura. Siku hizi ni mwalimu wa Uraia huko Pemba. Nestori yeye ni bwana shamba Kibondo, na bado hupigiana simu kubishana, nasikia ni hasara tupu kwa vifurushi.

"Madam, uko huru? Niko darasani. Nimekuweka kwenye spika."

"Darasani? Shikamoo zao ziko wapi?"

Zikaja, shikamoo nyingi kwa pamoja, lafudhi ya kule ikizivuta mwisho.

"Wanafunzi wangu wanajadili hoja yetu ile," Zuhura alisema. "Mmoja kauliza swali, mie nimeshindwa kulijibu. Kauliza, je, watu wa bara wao walishaulizwa? Wanataka kumsikia mtu wa bara."

Nikaweka ungo chini. Nikawaambia kwamba sikumbuki kuulizwa, wala baba yangu hakuulizwa.

Sauti ya mvulana ikasikika karibu na simu. "Basi bibi, ungeulizwa leo, wewe ungepiga kura gani?"

Ni ajabu, lakini ni kweli. Niliigawa hoja ile kwa watoto wengi, nikawasikiliza wakiitetea na kuipinga, na katika kazi yangu yote hakuna aliyenigeukia akaniuliza mimi. Kuku alikuwa anasogelea mchele, nikamfukuza ili nipate kufikiri.

"Ningepiga kura ya kubaki," nikasema. "Lakini ningependa sana kuulizwa."

Kukasikika minong'ono kule, viti vikaburutwa. Nilimsikia Zuhura akiwatuliza.

"Madam," akasema, "kamati imekaa. Wanasema huwezi kujibu ukaondoka. Upande wa kupinga hoja una msemaji mmoja tu, anaumwa mafua; wewe utashika nafasi yake. Unapewa dakika tano. Mwenyekiti ni huyo bwana aliyekuuliza."

Nilikuwa peke yangu uani, mikono ina vumbi la mchele. Nikaegemeza simu kwenye mtungi, nikajifuta kwa kanga, nikasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikaanza.